Kutoka diwani hadi jukwaani: onyesho la mtu mmoja la dakika 45

Mtunzi_Mgeni:
Habari zenu wakuu. Nina mashairi kama 30, mengi ni tarbia, na tamthilia moja ambayo haijawahi kuchezwa. Nataka kutoa onyesho la dakika 45: nighani, niigize, awepo na mpiga ngoma mmoja. Nichukue mashairi mangapi? Na mambo ya haki yakoje? Niko Dar.

Mizani_16:
Anza na hesabu, mkuu. Ubeti wa tarbia ni mishororo 4 ya mizani (silabi) 16, jumla mizani 64. Ukighani mizani 3 au 4 kwa sekunde na kuvuta pumzi kila mwisho wa mshororo, ubeti mmoja unakula kama sekunde 25. Shairi la beti 10 ni dakika 4 na ushee, kwa hiyo 30 hayaingii hata ukiyakimbiza. Chukua 7, uyapogoe hadi beti 3 au 4 kila moja. Hapo una dakika kumi hivi za ushairi mtupu. Zinazobaki ni za mhusika.

Na hapo kwenye mhusika ndipo wengi wanapokwama. Wanapanga mashairi kimada, mapenzi huku, siasa kule, mauti mwisho, kama vile bado wako ndani ya diwani. Jukwaa linataka mtu anayetafuta kitu, na kitu kinachomzuia. Andika sentensi moja tu: nani anamsemesha nani, na akinyamaza atapoteza nini? Shairi lisilomsogeza mtu huyo liache, hata kama ndilo linalosifiwa kuliko yote. Tafuta Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, tamthilia za Ebrahim Hussein (1976), uone msimulizi mmoja anavyobeba onyesho zima.

Nyuma_ya_Pazia:
Hesabu nzuri, ila umesahau utenzi. Ubeti wake ni mizani 32, nusu ya tarbia, na kina cha bahari, yaani kile cha mwisho wa kila ubeti, ndicho kinachoshona beti zote. Sehemu za safari, vita au msako zipeleke huko. Tarbia ibaki pale mhusika anaposimama kuwaza au kujibizana. Ukighani tarbia tupu kwa mahadhi yaleyale, ubeti wa nne tu watu wanashika simu.

Kosa kubwa la kinywa ni kugonga kina. Kila -ka na -ni ikipigwa nyundo, maana inapotea na shairi linageuka mashine ya kusaga. Kina cha kati kipite chepesi. Cha mwisho kishushe, usikipandishe. Jirekodi kwa simu bila kuigiza, kisha mpe mtu asiyelijua shairi asikilize. Akikutajia vina bila kukuambia kilichotokea, rudi mazoezini.

Ngoma: isilie chini ya maneno mapya. Iache ijaze pumzi kati ya beti na ibebe kibwagizo, ambacho watazamaji wanakijua tayari. Ngoma na sauti ya kiume ya chini hugombania nafasi moja, kwa hiyo mpigaji akae pembeni, nyuma yako, atumie viganja badala ya fimbo. Maiki ya kushika itakufunga mkono mmoja. Tafuta ya kichwani. Spika ziwe mbele yako. Zikikaa nyuma, maiki inazisikia na mluzi unaanza.

Hati_Mkononi:
Upande wa haki: kwa sheria ya hakimiliki ya 1999, kazi yako inalindwa tangu ilipotungwa, maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Bara, si sharti la ulinzi, ila ni ushahidi mkizozana. Zanzibar wanayo COSOZA yao. Wazo halilindwi, maneno yako ndiyo yanayolindwa, basi usimsimulie mwandaaji onyesho zima kabla hujaliandika. Kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kifuatilie kabla hujaanza kuuza tiketi, si wiki ya onyesho.

Mpiga ngoma andikiana naye mapema. Kama midundo ameitunga yeye, kubalianeni ni mali ya nani, maana video ikipanda mtandaoni ndipo ugomvi unapoanza. Karatasi moja inatosha: malipo ya kila onyesho, malipo ya siku za mazoezi (haya husahauliwa), video itumike wapi, na kama unaruhusiwa kuchukua mpigaji mwingine kwa midundo hiyohiyo. Kwa mwandaaji dai nusu kabla ya siku yenyewe, nauli ikiwa mbali na ujira.

Mtunzi_Mgeni:
Asanteni sana. Na ile tamthilia, niichanganye humu au niiache?

Mizani_16:
Iache kama ina wahusika zaidi ya watatu. Mtu mmoja akibadilisha sauti nne, watazamaji wanahesabu sauti badala ya kufuata kisa. Chomoa mazungumzo marefu ya mhusika mmoja, uone kama ndiye yule wa sentensi yako.

Nyuma_ya_Pazia:
Na ukimpata, mpe kitu kimoja tu cha kumtambulisha: kanga, bakora, kofia. Begi zima la maleba linakula dakika zako.