IST 1NZ: taa ya injini haizimi, mashine imetoa P0171. Nianzie wapi?

MtuWaIsevya
Wakuu, habari za jioni. Gari ni Toyota IST ya 2005, injini 1NZ, ya petroli. Ipo Tabora mjini, ila kila wiki inaingia vijijini Uyui kwenye vumbi. Taa ya injini imewaka, haipepesi, imetulia tu. Asubuhi inashika kwa stata moja. Ikishapata moto sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inacheza, na ukiweka gia ya D huku umekanyaga breki inashuka mpaka inataka kuzima. Barabarani inavuta vizuri. Wamepima gereji, ikatoka namba ya hitilafu P0171 peke yake. Fundi anasema ninunue oksijeni sensa (ile ya kwenye egzosti), na masega ya kusafishia moshi ndani ya egzosti yatolewe kabisa "ili gari ipumue". Plagi na chujio la hewa vimebadilishwa mwezi uliopita. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Spana_Kumi
Mkuu, sensa usinunue kwanza. Mjumbe hauawi. P0171 haimaanishi sensa imekufa. Maana yake sensa imeona moshi una hewa nyingi kuliko mafuta, kompyuta ikawa inaongeza mafuta, ikaongeza tena, mpaka ikafika kikomo chake ndipo ikakuwashia taa. Sensa ikifa yenyewe, mara nyingi hutoka namba nyingine kama P0135, ya hita yake.

Chanzo cha P0171 kwenye 1NZ ni mojawapo ya haya: kuna hewa inapenya baada ya sensa ya hewa (MAF), kwa hiyo haikupimwa, au MAF yenyewe ni chafu na inapima pungufu, au mafuta hayafiki ya kutosha, pampu imechoka au chujio lililo ndani ya tenki limeziba. Egzosti ikitoboka mbele ya sensa nayo inaweza kudanganya, lakini hiyo utaisikia kwa sikio.

Kuyatofautisha hakuhitaji kununua kitu. Rudi palepale walipopima, waombe wafungue data wakati injini inaunguruma na imeshapata moto, wasome trimu ya mafuta, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu. Jumlisha hizo mbili. Kwanza ikiwa sailensi, halafu resi ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Lete namba hapa.

Na usichomoe terminali ya betri ili taa izime. Kompyuta imehifadhi hali ya gari ilivyokuwa taa ilipowaka: mwendo, joto, mzigo. Ukikata umeme unaifuta.

Ipuli_Mpya
Je, isije ikawa ni mwinuko? Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko Dar. Gari nyingi huku zinatoka Dar.

DadaUmeme
Hapana kaka. Hiyo ilikuwa shida ya kabureta. MAF inapima uzito wa hewa inayoingia, kwa hiyo hewa ikipungua na mafuta yanapunguzwa hapohapo. Isitoshe, kwenye kabureta hewa nyepesi huleta mafuta mengi kupita kiasi. P0171 ni kinyume chake.

Kuhusu masega: kuyatoa hakutibu P0171 hata kidogo. Sensa inayolalamika ipo mbele ya masega, moshi unapita kwake kabla haujayafikia. Na kama gari lako lina sensa ya pili nyuma yake, utajiongezea P0420, namba ya masega kutofanya kazi. Mara nyingi anayetaka masega anataka kuyauza, tuseme ukweli.

Kaliua_Probox
Samahani kuingilia. Mimi nina Probox ya miaka hiyohiyo na kifaa kile kidogo cha bluetooth cha kusomea namba za hitilafu kwa simu, ELM327. Simu inakiona kifaa lakini gari haisomeki. Kifaa ni kibovu?

DadaUmeme
Huenda ni kizima. Gari nyingi za soko la Japani za kabla ya 2008 zina tundu lilelile la matundu 16 chini ya usukani, lakini lugha yake si ile ambayo vifaa vya bei rahisi vinaijua. Kwa Toyota za namna hiyo kuna njia ya waya.

Zima swichi. Tazama tundu kwa mbele, upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu inahesabiwa 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Unganisha namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya mwembamba. Hesabu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwa sababu namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja, ukiigusisha na 4 unaunguza fyuzi au zaidi. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini ikipepesa mfululizo, kama mara mbili kwa sekunde, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara 2, ikapumzika kidogo, ikapepesa mara 5, hiyo ni 25.

Chache za kukumbuka: 21 oksijeni sensa, 22 sensa ya joto la maji, 25 mafuta pungufu (ndiyo P0171 ya huyu ndugu), 31 sensa ya hewa, 41 sensa ya throto (mlango wa hewa ya injini), 52 sensa ya kugonga. Taa nyingine za dashibodi, kama ya ABS, zitapepesa pia. Usishtuke, zinatoa namba zake.

MtuWaIsevya
Nimerudi na majibu. Sailensi: jumla ni +27. Kwenye 2,500: +6. MAF ikiwa sailensi inasoma gramu 1.6 kwa sekunde. Fundi anashikilia palepale, eti oksijeni sensa inasoma volti 0.1 muda wote.

Spana_Kumi
Hapo pameshajieleza. Kati ya −10 na +10 ni kawaida. Yako inazidi sana kwenye sailensi na inatulia ukipiga resi, basi kuna hewa inayopenya. Tundu likiwa dogo, hewa yake ni sehemu kubwa ya kile injini inachovuta ikiwa sailensi, lakini ni chembe tu kwenye 2,500. Ingekuwa pampu au chujio la tenki, namba ingepanda kadiri unavyoongeza mzigo, na gari ingekosa nguvu mlimani. MAF chafu nayo huonekana zaidi kwenye resi.

Sensa kusoma 0.1 ni sawa kabisa, ndiyo namna yake ya kusema mafuta ni kidogo. Ukitaka kumthibitishia fundi, mwambie apulize dawa ya kusafishia kabureta kidogo sana kwenye mdomo wa hewa injini ikiwa inaunguruma. Sensa ikirukia 0.8 au 0.9, ni nzima.

Sasa tafuta tundu, kwa mpangilio huu: bomba kubwa la mpira kutoka kwenye boksi la chujio hadi throto, hasa kwenye mikunjo yake ya chini ambako jicho halifiki. Wewe mwezi uliopita ulibadilishiwa chujio, kwa hiyo angalia kama klipu zilirudishwa na kukazwa. Kisha mpira wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini), mpira mnene unaokwenda kwenye buusta ya breki, na gasketi ya manifodi ya hewa. Wengi hupulizia dawa ya kabureta nje ya injini na kusikiliza sailensi ibadilike. Inafanya kazi, lakini egzosti ikiwa ya moto ni kutafuta moto kweli. Maji yenye sabuni kwenye chupa ya kupulizia yanatosha: sailensi itatulia kwa sekunde moja mbili au utasikia yananyonywa. Usiloweshe koili za plagi.

DadaUmeme
Naongezea: kama inazidi kushuka ukiweka D, anza na lile bomba kubwa. Ukiweka gia injini inalala upande mmoja, ufa unafunguka. Mtu akae kwenye usukani, breki na hendibreki vimeshika, ahame kati ya N na D, wewe usimame pembeni, si mbele ya gari, uangalie bomba.

MtuWaIsevya
Limekutwa! Ufa chini ya mkunjo wa pili wa bomba, karibu na throto, kama sentimita 4. Ukiwa N umefumba, ukiweka D unafunguka. Fundi anataka kulipaka gundi.

Spana_Kumi
Gundi ya kawaida haishiki kwenye mpira unaocheza na kupata joto. Kuna siku itaachia na kipande kitanyonywa. Tepu ya mpira ukiizungusha vizuri itakusogeza siku chache. Tafuta bomba la mtumba kutoka 1NZ nyingine, lakini linganisha matundu ya pembeni kabla ya kulipia, hayafanani yote.

Kabla hujafunga jipya, kagua mauntini ya injini, zile raba zinazoishikilia. Hizo zikikatika injini inayumba kupita kiasi, na bomba jipya litapasuka palepale. Toa na MAF pia, ni skrubu mbili tu, uipulizie dawa yake maalumu, iache ikauke kabisa. Ule uzi wa ndani usiguswe na pamba wala kidole. Vumbi limekuwa likipita kwenye ule ufa bila kuchujwa, kwa hiyo safisha throto nayo.

Ukimaliza, futa namba kwa mashine. Taa ya P0171 huwaka hitilafu ikionekana safari mbili mfululizo, hivyo ya kwanza ikipita salama usishangilie. Soma trimu tena baada ya siku mbili tatu. Ikiwa chini ya +10 kwenye sailensi, funga boneti. Taa ikianza kupepesa wakati unaendesha, hiyo ni misi (silinda haichomi mafuta sawasawa), si jambo hili tena: punguza mwendo, usipige resi, peleka plagi na koili zikaguliwe kabla petroli isiyoungua haijayeyusha masega.