Achari ya embe huku Mbeya wakati wa mvua: jua, siki au chumvi?

Mama_Uyole
Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa waliohamia nyanda za juu na mapishi ya pwani. Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga. Achari yake ya embe anakata embe mbichi na ganda lake, anatia chumvi na bizari, anaanika siku tatu nne, ndipo uwatu, haradali, pilipili na mafuta. Kwake inakaa mwaka mzima.

Desemba mwaka juzi nilinunua ndoo ya embe soko la Mwanjelwa nikafuata kila neno. Siku ya kwanza jua mpaka saa sita, saa nane mvua. Siku ya pili wingu kutwa. Siku ya tatu nimeanika na kuanua mara nne, watoto wananicheka. Wiki ya tatu nafungua chupa: utando mweupe juu, harufu ya pombe. Nilimwaga yote. Mama mkwe akasema tu, "Mkono huo si wa achari, mwanangu."

Sasa embe zinarudi. Nilazimishe jua tena, nihamie kwenye siki, au niloweke kwenye maji ya chumvi? Nataka kusikia waliojaribu wakiwa huku, siyo Dar.

BintiPwani
Pole dada. Mkono wako hauna kosa, ila usituletee siki hapa. Achari ya siki ni kachumbari iliyochelewa. Anika jikoni karibu na jiko la mkaa usiku kucha, kipande kikikunjika bila kutoa maji kimekauka. Na kijiko kikavu, siku zote!

Mzee_Rujewa
Embe unanunua mjini za nini? Njoo huku Usangu mwezi wa kumi na moja kabla mvua haijakaza. Jua letu halina mzaha. Kata, anika hukuhuku, panda nazo gari zikiwa kavu. Binti yangu anafanya hivyo.

JikoLaIringa
Mama Uyole, nimefanya zote tatu, Iringa mjini na miaka minne Mbeya, kwa hiyo nivumilieni.

Kwanza elewa kilichokuharibia. Jua linatoa maji tu, na hayo maji ndiyo yanayolea hamira za hewani. Ule utando na harufu ya pombe ni kazi ya hamira hizo. Mafuta yanazuia hewa kwa juu, hayaui kitu kilichokwisha kuingia. Huku embe zinakuja pamoja na mvua, pwani wanapata mapengo ya jua kali katikati. Mapishi ya mama mkwe ni sahihi kwa Tanga.

Siki ndiyo nimebaki nayo. Embe kilo moja, chumvi vijiko vitatu vya chakula, ziache zilale usiku mzima. Asubuhi kamua, zitoe maji mengi, zifute kwa kitambaa safi. Chemsha siki na viungo (soma lebo, asidi isipungue asilimia 5, na usiichanganye na maji), mimina ikiwa moto mpaka izifunike. Usitumie sufuria ya alumini, siki inaila na ladha inakuwa ya chuma. Kisha chemsha chupa zilizofungwa ndani ya maji. Hapa ndipo wengi wa huku hukosea: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Dakika 10 za watu wa pwani, wewe fanya 20.

Maji ya chumvi yanafaa zaidi kabichi: chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kilo, ikandamizwe izame chini ya maji yake. Baridi yetu inachelewesha uchachu, ya Dar inayochukua wiki moja huku subiri tatu. Embe nilijaribu mara moja, zikalegea. Sirudii.

Jambo la mwisho, na hili si la ladha. Kitunguu saumu kibichi usikitumbukize kwenye mafuta na kukiacha kabatini. Hakina uchachu, hakipati hewa, na hayo ndiyo makazi ya bakteria wa botulizimu, sumu ya chakula inayoweza kuua. Sumu yake haina harufu. Kitie kwenye achari ya siki, au chupa ya mafuta ikae kwenye friji na uimalize ndani ya siku nne.

BintiPwani
Hiyo ya kitunguu saumu sikuijua. Bibi yangu alikuwa akikitia kibichi… nyamazeni.

Mkinga_Makete
Kwetu hakuna aliyeanika kitu Desemba. Mama alikausha majani ya maboga na kunde mwezi wa saba na wa nane, kipupwe, hewa kavu, umande unaondoka asubuhi tu. Maharage tulichanganya na majivu wadudu wasiguse. Embe msimu huo hazipo, ila malimao, karoti na pilipili zipo. Achari ya limao ya Julai uliyoianika haikuangushi.

Kyela_Original
Msijaribu mawese. Nilitaka kuwa mbunifu, Uyole asubuhi chupa nzima imeganda kama sabuni, kijiko hakiingii.

Mama_Uyole
😂 Kyela umenimaliza. Jiko asante sana, nimeandika yote kwenye daftari. Nimeamua: embe za Desemba siki, malimao Julai juani. Mzee Rujewa, nipigie hesabu ya nauli kwanza. Mama mkwe anakuja Krismasi. Nitamwekea ya siki mezani kimya kimya.

BintiPwani
Ataijua akiinusa tu.

Mama_Uyole
Najua. Ndiyo maana nimemwandalia na mchele wa Kyela.

JikoLaIringa
Mifuniko ya chuma iwekee nailoni chini, siki inaitia kutu.