Ndago imenishinda Tongoni: jembe, dawa, nailoni au kivuli?

MkulimaTongoni: Assalam aleikum wakulima wenzangu. Nina robo ekari ya bamia na mchicha hapa Tongoni, Tanga, udongo wa kichanga. Vuli iliyopita nililipia trekta ipige haro, kile chombo cha kuvunjavunja mabonge ya udongo, kabla ya kupanda. Haikupita muda shamba likawa kijani kote, nikadhani ni majani ya kawaida, kumbe naambiwa ni ndago, lile gugu sugu lenye vijiazi ardhini. Nimepalilia mara tatu, na kila nikipalilia yanarudi mengi kuliko mwanzo. Mchicha umedumaa mpaka nimewapa mbuzi. Jirani anasema nipige dawa, mama mkwe anasema jembe, na kijana wa duka la pembejeo ananishawishi nitandike nailoni nyeusi. Pesa yangu inatosha jambo moja tu kabla ya masika. Nifanye lipi?

MzeeMichungwa, Muheza: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza tujue kama kweli ni ndago. Shika shina lenye maua ulizungushe kati ya vidole: la ndago lina pembe tatu, utazihisi. Maua yake ni ya kahawia inayokaribia zambarau. Kisha chimbua, usivute, maana ukivuta utabaki na majani mkononi. Chini utakuta vijiazi vyeusi vimefuatana kwenye uzi mmoja kama tasbihi. Kama maua yana umanjano na kila uzi una kijiazi kimoja tu mwishoni, hiyo ni ndugu yake, ile yenye vijiazi vitamu vinavyoliwa. Ya kwako ukiitafuna ni chungu.

MkulimaTongoni: Shikamoo babu. Nimechimba asubuhi hii. Pembe tatu zipo, tasbihi ipo. Mche mmoja una vijiazi 9!

MzeeMichungwa, Muheza: Marahaba. Basi haro ndiyo iliyokuponza. Uzi ukiwa mzima, vijiazi vingi hulala, vya mbele vinavizuia vya nyuma kuchipua. Haro inapoukatakata, kila kimoja kinaamka na kuwa mche wake. Ulikuwa na mmoja, sasa unao tisa.

DadaKiromo, Bagamoyo: Mimi niko upande wa dawa, ila watu wengi wanaipiga vibaya kisha wanailaumu. Zile za kuunguza majani hazifai kitu hapa, juu panakauka na chini tasbihi iko salama. Inayosafiri hadi kwenye vijiazi ni glaifosati, nayo inasafiri pale tu mmea unapokua kwa nguvu. Subiri mvua inyeshe, majani yajae, ndago ianze kutoa maua, ndipo upige. Ukipiga wakati wa kiangazi, majani yamesinyaa, umemwaga pesa. Jambo jingine ni maji. Mwaka wa kwanza nilichota ya bwawani yenye tope, dawa ikashikwa na udongo ndani ya bomba na ndago haikustuka. Tumia maji safi. Baada ya kupiga usiguse shamba kwa wiki 2. Itachipua tena, kwa hiyo hesabu gharama ya kurudia, na usipige penye bamia au mchicha, itaua vyote. Chupa iwe na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania.

MamaKunde, Pangani: Dada Kiromo, kwa shamba kubwa nakuelewa. Lakini huyu analima mchicha wa watoto kula. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliiweka glaifosati mwaka 2015 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mimi sikutaka kuizoea. Udhaifu wa ndago ni kivuli. Nilipanda viazi vitamu kwa kubananisha, nikapalilia kwa bidii mpaka marando yakafunika ardhi. Ndago iliyobaki chini ilikuwa nyembamba, haina nguvu ya kutengeneza vijiazi vipya. Haikuisha, nasema kweli, lakini msimu uliofuata kunde zangu zilipumua.

FundiPongwe: Nailoni nyeusi usinunue, kaka. Ncha ya ndago ni kama sindano, inaitoboa. Ukitaka nailoni, chukua ile inayopitisha mwanga. Chipukizi likiona mwanga linafungua majani, halitoboi tena, linaungulia humo humo. Mwagilia kwanza, tandika ikigusa ardhi, fukia kingo, iache wiki 6 za jua kali. Hata hivyo vijiazi vya chini sana vinapona. Kwa robo ekari bei itakuumiza, mimi nafanyia kitalu tu.

MzeeMichungwa, Muheza: Ningekuwa wewe ningeshika jembe, na ningelishika sasa, kaskazi hii kabla mvua haijaja. Mchanga wako ni rahisi kuchimbua. Vijiazi vingi vimo katika sentimita 15 za juu. Chimbua kwa jembe la meno ili usivikate, vitandaze juani. Kijiazi cha ndago kinavumilia mengi, kukauka hakiwezi. Mvua ikianza, pitia shamba kila wiki 2 ukate kila chipukizi, kabla halijapata muda wa kuzaa vijiazi vingine. Kila linapochipua linakula akiba yake ya chini. Ukiruka mwezi mmoja umeanza upya. Halafu panda viazi vya MamaKunde juu yake.

MkulimaTongoni: Nimekubali, babu. Pesa ya nailoni nitawalipa vijana wawili wa kuchimbua, na marando nitamfuata MamaKunde Pangani. Leo tumeanza pembeni, ndoo mbili zimejaa. Nizitupe kwenye mfereji?

MamaKunde, Pangani: Usithubutu mwanangu! Maji ya masika yatampelekea jirani. Zianike juu ya bati mpaka zisinyae kabisa, kisha choma. Usizichanganye na samadi. Na majembe ya hao vijana yaoshwe kabla hawajaenda shamba jingine. Marando njoo Jumamosi, sitakuuzia.