WAJUKUU WA SHEBOMEZA: safari ya Nane Nane

*Jumapili*

[20:14] Mama Zuhura: Assalaam alaykum wote, shikamooni wakubwa. Narudia kwa mara ya tatu, ya nne nitapiga simu mmoja mmoja. Jumamosi hii Nane Nane tunapanda Amani kuzuru kaburi la Baba, tukishuka tunapitia Tanga watoto waione bahari, usiku tunalala makwetu Korogwe. Kosta nimeshaongea na dereva, ni yule yule wa arusi ya Nuru. Viti 28, laki nne na mafuta yake. Mtu mzima 20,000, mtoto wa kukaa kiti 10,000, wa kupakatwa bure. Dereva anataka advansi laki na nusu, mwisho Jumatano saa sita mchana. Ikipita hapo gari anawapa watu wa maonesho. Mkituma tumeni na ya kutolea.

[20:15] Mama Zuhura: Andikeni majina hapa
1. Bibi
2. Mama Zuhura
3. Zuhura
4.

[20:31] Mudi: 4. Mudi. Ila nikae dirishani

[20:31] Nuru: Kona za Amani hazijakusahau Mudi 😂

[20:32] Mudi: Ile ilikuwa mihogo

[20:33] Dada Hadija: Ilikuwa mihogo, ndani ya mkoba wangu mpya.

[20:33] Mudi: Shangazi si nilikununulia mwingine

[20:34] Dada Hadija: Lini?

[20:40] Mama Zuhura: Majina jamani. Mihogo baadaye.

[21:58] Mama Zuhura: Waliosoma nawaona, ni 19. Majina manne.

*Jumatatu*

[06:10] Shemeji Kombo: (picha ya waridi: "Jumatatu njema yenye baraka kwako na familia yako")

[06:12] Mama Zuhura: Na kwako shemeji. Nikuandike namba 5?

[09:47] Mama Zuhura: Shemeji?

[10:20] Mjomba Sefu: Wanangu hamjambo. Mimi msiniandike kwenye kosta, niko hapa Sahare mtanikuta. Ila niseme la bahari maana ndiyo kazi niliyoifanya miaka 40. Jumamosi mwezi umeshachakaa, ni maji mafu. Yatajaa saa tano kwenda saa sita mchana. Mkija saa kumi jioni mtakuta yanakupwa, watoto pale Raskazone watachezea tope na mwani. Anayetaka kuoga aje asubuhi. Bahari haingoji kosta.

[10:24] Nuru: Shikamoo Babu

[10:24] Mudi: Shikamoo Babu Sefu. Safari hii tutakuhesabu mara mbili

[10:26] Mjomba Sefu: Marahaba. Bweni ya Pangani sijaisahau. Pantoni inaondoka, nauona mkono wa Hadija unanipungia.

[10:27] Dada Hadija: Mjomba wallahi nilikuwa nawaambia wasimame!

[10:27] Mudi: Hapana Shangazi, ulikuwa unaaga 😂😂

[10:28] Mjomba Sefu: Na viatu vyangu vilikuwa kwenye gari.

[10:29] Mudi: 😂😂😂😂

[11:02] Mama Zuhura: Mmemaliza? Mjomba ahsante, hilo la maji sikulijua. Basi nabadilisha. Tunatoka Korogwe saa kumi na moja alfajiri, moja kwa moja Tanga. Saa mbili tuko Mapango ya Amboni, ni kilometa 8 tu kutoka mjini. Saa tano Raskazone maji yamejaa. Saa nane tunageuza Muheza, tunapanda Amani, tunamzuru Baba, tunashuka. Kuna mwenye neno?

[11:03] Mudi: Amboni nataka nimwone yule mbwa wa Wazungu aliyeingia pangoni akatokea Kilimanjaro

[11:05] Zuhura: Alitokea na njaa

[11:05] Mudi: Angepitia Korogwe apate ugali

[11:30] Nuru: Mama mdogo mimi nina neno. Nakaa Muheza, magari ya Amani nayaona kila siku yanavyorudi. Kwenda huko saa nane mchana siyo. Pale chini Zigi kutakuwa na jua, ukishaanza kona unaingia kwenye ukungu, wakati mwingine mashamba ya chai yako pembeni yako na huyaoni. Mwezi wa nane kule ni baridi na rasharasha. Tutafika saa kumi, tutashuka usiku, kona zile, kosta, na Bibi ndani. Na pale Zigi ni geti la hifadhi, tusipofika na mtu wa kijijini wa kutupokea tutaanza kuulizwa sisi wageni au wenyeji. Babu Athumani ameambiwa?

[11:33] Mama Zuhura: Baba Mdogo nimempigia tangu Ijumaa, hapatikani.

[11:34] Mudi: Atapatikana akipanda mlimani

[11:34] Nuru: Si yuko mlimani tayari

[11:35] Mudi: Apande mwingine

[13:50] Zuhura: Mama mwalimu wetu wa historia amesema tukienda Amani tuione bustani ya miti ya Wajerumani, ilianzishwa 1902. Na lile ua dogo la zambarau linaloota kwenye mawe yenye kivuli. Amesema watu Ulaya wanalifuga kwenye vyungu madirishani na kwao ni huku Usambara

[14:15] Dada Hadija: Mwambie mwalimu wako babu yako alifanya kazi kwenye bustani hiyo. Vibao vya miti, vile vyenye majina ya Kizungu, yeye ndiye aliyekuwa anavipaka rangi kila mvua zikivifuta. Kusoma Kizungu hakujui, lakini mti ukimwonyesha kwa mbali anakuandikia jina lake mchangani, herufi kwa herufi, hakosei. Mimi nilikuwa nampelekea chakula. Akimaliza kula ananipitisha kwenye mkarafuu maiti, anachuma jani, ananiambia fikicha unuse. Mpaka leo nikiingia nyumba yenye msiba ile harufu ikinipiga, mimi sifikirii maiti. Namfikiria Baba na lile kopo la rangi nyeupe.

[14:17] Nuru: Mama hii hujawahi kunisimulia

[14:18] Dada Hadija: Hukuuliza.

[14:26] Salama: Nimemsomea Bibi. Ameniambia nirudie

[14:31] Dada Hadija: Na kwa kuwa tunakwenda, tukaone na lile kaburi limefikia wapi. Tulichanga mifuko 12 ya saruji tuzungushie ukuta udongo usiporomoke. Mifuko 12 nimeihesabu kwa mkono wangu.

[14:31] Mama Zuhura: Hadija.

[14:32] Dada Hadija: Nimesema tukaone tu.

[15:09] Kaka Twaha: Nilijua. Nilijua safari hii mwisho wake ni hapa.

[15:10] Kaka Twaha: Mifuko mnaijua. Lori la kuipandisha nani alilipa? Mvua ya mwaka ule nani alikuwa amelala Muheza siku nne anagombana na wenye magari? Hadija ulikuwa wapi?

[15:11] Dada Hadija: Nilikuwa namuuguza Mama kaka yangu. Ulisahau?

[15:12] Mudi: Jamani chakula tunabeba au tunanunua? Mimi napendekeza chapati

[15:12] Kaka Twaha: Mudi nyamaza.

[15:14] Kaka Twaha: Ujumbe huu umefutwa

[15:14] *Kaka Twaha ameondoka*

[15:15] *Mama Zuhura amemwongeza Kaka Twaha*

[15:16] *Kaka Twaha ameondoka*

[15:20] *Mama Zuhura amemwongeza Kaka Twaha*

[15:21] Mama Zuhura: Kaka nakuomba. Mkubwa wetu ni wewe. Mambo ya saruji tuyaongee nyumbani tukiwa tumekaa, siyo hapa mbele ya watoto. Hadija na wewe.

[19:05] Shemeji Kombo: (ujumbe uliosambazwa mara nyingi: faida saba za kunywa maji ya uvuguvugu)

[21:40] Mama Zuhura: Pesa iliyoingia mpaka sasa 50,000. Hamsini.

*Jumanne*

[07:55] Salama: (ujumbe wa sauti 2:37)

[07:58] Salama: Ni Bibi. Amesema msikilize wote, na kwa wasio na bando niandike alivyosema, nisipunguze.

[08:09] Salama: "Salama amenisomea yote. Twaha usitoke tena kwenye hicho kikundi. Ukitoka unanitoka mimi. Hadija, miaka ile uliniuguza, sijasahau, lakini usimpigie kaka yako hesabu mbele ya wanawe. Saruji mimi sikuiomba. Baba yenu kabla hajanyamaza alisema, nipandieni mti. Nyote mlikuwepo mle chumbani. Mkatoka nje mkaanza kuongea habari ya ukuta, nikawaacha kwa sababu nilikuwa kwenye eda na sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu.

Sasa hii safari. Magoti yangu mnayajua. Nikipanda mwaka huu, mwakani sijui. Mkitaka kuanza na bahari anzeni, mimi mtanishusha kwa Nuru Muheza, nitatafuta gari nipande peke yangu. Bahari nimeiona, baba yenu alinipeleka Tanga tulipooana, tukakaa siku mbili, yeye akawa anataka kurudi kwenye miti yake. Nataka nimfikie asubuhi pakiwa peupe, niuone mlima. Nimemaliza."

[08:11] Mama Zuhura: Tumekusikia Mama.

[08:11] Dada Hadija: Nisamehe Mama.

[08:14] Nuru: Ndiyo Bibi

[08:15] Mjomba Sefu: Dada yangu amesema. Mambo ya maji yaacheni.

[08:22] Mama Tatu: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

[08:30] Baba Rajabu: Tumesikia Bibi, Mungu akupe nguvu.

[08:31] Mudi: Ndiyo Bibi

[08:47] Binti Ali: Shikamoo Bibi, sawa kabisa.

[09:03] Shemeji Kombo: Neno la mzazi. Sawa Mama.

[09:05] Mama Zuhura: Kumbe mpo. Haya. Amani kwanza, hilo limekwisha, halijadiliwi tena. Tunatoka hapa Korogwe, Manundu, saa TISA NA NUSU usiku. Kumi na mbili kasoro tunamchukua Nuru Muheza. Saa mbili asubuhi tuko kwa Baba. Saa nne na nusu tunaanza kushuka. Saa nane Tanga. Amboni tunaiacha. Mama Tatu, Baba Rajabu, Binti Ali, nimewaandika 5, 6, 7. Mmejitokeza wenyewe.

[09:09] Mama Tatu: Mimi nilikuwa namwitikia Bibi tu mdogo wangu

[09:10] Mama Zuhura: 20,000 na ya kutolea.

[09:41] Mjomba Sefu: Saa nane siyo mbaya. Yatakuwa yanatoka lakini mtu mzima akienda mbele kidogo yanamfika kiunoni. Watoto mniachie mimi. Nitawatafutia na samaki kwa wavuvi wa hapa, mniambie idadi.

[09:43] Mudi: Babu na viatu uvae kabisa usivue

[09:44] Mjomba Sefu: Nitavivaa nikiwa nalala.

[12:30] Nuru: Machungwa yapo mengi Muheza msinunue njiani Segera. Nitawawekea gunia

[12:31] Dada Hadija: Maandazi na chai ya chupa nitabeba mimi. Kwa chakula cha mchana nahitaji sufuria langu kubwa, lile la arobaini ya Baba. Lilikokwenda linajulikana.

[12:31] Mama Zuhura: Hadija!

[12:32] Dada Hadija: Hilo siyo la Twaha. Ni lako.

[12:50] Mama Zuhura: Liko kwangu. Nitalileta.

[21:15] Mama Zuhura: Mkononi 90,000, na humo 40,000 ni zangu na Zuhura. Kesho saa sita. Sijui niseme kwa lugha gani. Mama ametaja magoti yake, mimi nasikia aibu kumwambia gari limekosekana kwa elfu sitini.

*Jumatano*

[08:02] Mama Zuhura: 90,000 bado.

[10:35] Mama Zuhura: Dereva amepiga.

[11:20] Mama Zuhura: Amepiga tena. Jamani.

[11:41] Kaka Twaha: Angalia simu yako.

[11:43] Mama Zuhura: Nimeiona kaka. 60,000 na ya kutolea. Allah akulipe. Nakuandika namba 8?

[11:52] Mudi: 8. Baba. Nimemwandika mimi

[11:58] Mama Zuhura: Advansi imekwenda kwa dereva. Kosta ni yetu. Alhamdulillah.

[11:59] Nuru: Alhamdulillah 🙏

[12:05] Kaka Twaha: Nuru, pale Muheza kuna mtu anauza miche? Ya mkarafuu maiti. Uulizie.

[12:06] Nuru: Naulizia leo hii mjomba

[13:17] Baba Mdogo Athumani: Onga makeo wote, ingawa asubuhi imepita. Ujumbe wenu nimeupata sasa hivi, nimepanda huku Mbomole penye mtandao. Shemeji nimemsikia, mwambieni mahali pake nimeshafyeka na njia ya kupanda nimeichimba ngazi apite na fimbo. Mtu wa kukaa getini nitamweka, ni mwenyekiti mwenyewe. Lakini mvua huku siku tatu haijakatika. Kuna lori la majani ya chai limelala kona ya tatu ukitoka Zigi. Bodaboda zinapita, Noah zinapita kwa kusukumwa. Kosta sioni. Mniambie mko wangapi, nijue majogoo.

[13:19] Mama Zuhura: Baba Mdogo shikamoo! Lori wanaliondoa lini?

[13:19] Mama Zuhura: Baba Mdogo usishuke kwanza

[13:24] Nuru: Tiki moja. Ameshashuka

[13:25] Mudi: Kosta ibaki Muheza tupande na bodaboda. Bibi katikati, mimi nyuma namshika

[13:26] Salama: Bibi anauliza kwa nini mnacheka

[13:26] Dada Hadija: Hakuna aliyecheka Salama. Mwambie gari limepatikana.

[13:27] Salama: Na la lori nimwambie?

[13:31] Mama Zuhura: La lori usimwambie bado.

[13:40] Kaka Twaha: Mwambieni. Atajua tu, na akijulia njiani itakuwa kesi nyingine. Mimi naweza kwenda kesho Muheza nikalione lori lenyewe. Njia ile naijua.

[14:02] Dada Hadija: Tutakwenda wote wawili kaka.

[16:48] Shemeji Kombo: Nimekuwa na shughuli nyingi. Hivi mtoto wa miaka sita ni wa kupakatwa au wa kiti?

[17:10] Mama Zuhura: Wa kiti. Nuru, ulizia Noah tatu hapo Muheza bei ya kupanda na kushuka siku ya Jumamosi, useme ni za kumngojea mgonjwa wa magoti. Dereva wa kosta nitaongea naye usiku. Mjomba, samaki usinunue kwanza. Na majina ni manane.