Ulinganisho: Wayaringi ya asili, ya jumla, au ya kujifumia kwa gari la zamani?

Boneti Wazi
Wakuu, habari zenu. Nina MGB ya 1966, gari dogo la michezo la Kiingereza, ambayo ngozi ya nyaya zake imekauka na kupasuka, hasa karibu na ekzosi na nyuma ya dashibodi. Nimechoka kuunga vipande, nataka kufumua yote. Naona njia tatu. Kwanza ni seti ya asili kama zile za Autosparks wa Uingereza, yenye kitambaa kwa nje na rangi zilezile za Lucas, kampuni iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari ya Kiingereza. Pili ni seti ya jumla ya Kimarekani, mfano Painless, yenye boksi la fyuzi la kisasa. Tatu, ninunue waya kwa mita nijifumie mwenyewe. Gari bado lina dinamo, kile kichaji cha zamani cha betri, na ethi ni chanya, yaani upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye bodi. Nataka kuweka altaneta, yaani kichaji cha kisasa, feni ya umeme ya redieta na taa kubwa za halojeni. Aliyewahi kufunga mojawapo anisaidie.

Kitambaa
Mkuu, kwa gari hilo chukua ya asili. Unaitandaza sakafuni kando ya ile kuukuu na kila tawi unaliona linachomoza palepale: la honi, la indiketa, la taa za nyuma. Ncha zimeshafungwa terminali. Kikubwa zaidi, mchoro wa umeme ulio kwenye kitabu cha gari unabaki na kazi. Kahawia ni moto wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, nyeupe inatoka swichi ya funguo, kijani ni baada ya fyuzi ukiwasha funguo, zambarau ina fyuzi na ina moto muda wote, buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi ni ethi. Fundi yeyote anayejua magari ya Kiingereza atakaa chini ya dashibodi na kuusoma bila kuuliza.

Ethi chanya isikutishe, shaba haijali umeme unapita kuelekea wapi. Seti ileile itatumika ukishageuza kwenda hasi, na altaneta nyingi zinadai ugeuze. Vya kushughulikia ni miunganisho ya koili, geji ya mizunguko ya injini, na redio kama ipo. Ukiagiza, waambie kabisa unaweka altaneta.

Rilei Nne
Nakubaliana na Kitambaa kuhusu rangi na vipimo, lakini tusimwache mwenzetu hapo. Seti ya asili inakurudishia na udhaifu wa asili. Gari hilo lilitoka kiwandani na fyuzi mbili tu, na taa kubwa hazina fyuzi kabisa. Moto wake unatoka kwenye waya wa kahawia, unapita swichi ya taa, swichi ya kubadilisha mwanga, ndipo ufike kwenye balbu.

Sasa piga hesabu ya unachotaka kuongeza. Balbu mbili za halojeni za H4 za wati 55 ni wati 110, yaani kama ampea 9 kwa volti 12. Ukipandisha taa kamili ni wati 120, ampea 10. Dinamo ya Lucas C40 uwezo wake wote ni ampea 22. Weka koili, wipa, taa ndogo, halafu feni ya redieta: usiku wa mvua betri ndiyo itakayolipa tofauti. Kwa hiyo altaneta kwako ni lazima. Lakini ukiweka ya ampea 45, waya mkuu wa kahawia nao lazima unenepe. Waya mwembamba wa kawaida wa milimita 1 ya mraba hubeba kama ampea 8.75, wa 2 hubeba 17.5, na hata wa 6 ni kama ampea 42. Hapo ndipo watu wengi hawaangalii, wanahangaika na rangi ya kitambaa.

Na kuhusu fyuzi za kioo: ile ya Kiingereza iliyoandikwa 35 hukatika kwenye 35, ila mzigo wake wa kudumu ni nusu, kama 17. Ya Kimarekani iliyoandikwa 35 hubeba hiyo 35 muda wote. Ukichomeka ya Kimarekani yenye namba ileile umeuondolea waya ulinzi wake.

V8 Mzee
Mimi nimefunga Classic Update ya American Autowire, seti inayotengenezwa kwa ajili ya gari husika, kwenye Camaro. Plagi zinaingia kwenye swichi za asili, boksi la fyuzi ni la kisasa, na kila waya umeandikwa kazi yake urefu wote. Kama kungekuwa na kitu kama hicho kwa MGB ningekwambia usiulize mara mbili. Seti ya jumla ni kitu kingine: boksi unalo, lakini kila ncha unakata na kuifunga mwenyewe.

Kahawia 31
V8 Mzee kagusa penyewe. Kwa seti ya jumla, kazi yote iko mwishoni mwa waya, na kama huna koleo nzuri ya kubana terminali za wazi, zile zinazokumbatia shaba na ngozi kwa mabawa mawili, usianze. Ubora wa waya wenyewe ni mzuri: nyaya za aina ya TXL na GXL, zenye ngozi ya kuhimili joto, zinavumilia hadi nyuzi joto 125, wakati ngozi ya plastiki ya kawaida (PVC) huishia kama 80. Karibu na ekzosi hiyo ni faida ya kweli.

Tatizo langu ni rangi. Seti hizo hufuata rangi za GM. Mimi natoka upande wa VW, ambako kahawia ni ethi, terminali 31 kwa namba za Kijerumani. Kwenye gari lako kahawia ni moto usio na fyuzi! Atakayelifungua gari hilo baadaye akiwa na mazoea ya nchi nyingine ataunganisha kahawia na bodi, na gari linaweza kushika moto. Ukienda njia hiyo, chora mchoro wako upya na uache nakala ndani ya gari.

Boneti Wazi
Asanteni sana. Basi naelekea kuchukua ya asili, kisha nitengeneze tawi dogo la pili kwa taa kubwa na feni, lenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) na fyuzi zake. Kujifumia yote nimeachana nako. Je, tawi hilo lichukue moto wapi?

Rilei Nne
Huo ndio mpango ambao hata mimi ningeuchagua. Betri za gari lako ziko nyuma ya viti, kwa hiyo usivute waya mpya kutoka huko. Chukua moto pale waya mnene wa betri unapofika kwenye stata, na weka fyuzi kuu karibu kabisa na hapo, si mwisho wa waya. Waya wa buluu wa zamani utabaki kuamrisha rilei tu, na swichi yako ya taa itapumua. Ethi ya taa usiiamini skrubu ya bodi iliyopakwa rangi; vuta waya mweusi wa unene uleule hadi kwenye chuma kilichosuguliwa.

Ukimaliza, washa taa injini ikiunguruma na upime volti kwenye altaneta, kisha kwenye terminali za balbu. Tofauti ikizidi nusu volti, kagua kiungo kimoja kimoja kabla hujafunga kitambaa.