Sekunde 4.7, pointi 51, na yule jamaa anakimbia na mpira kama kauiba!

Wakuu, asiniambie mtu nitulie. LeBron wa Cleveland yetu kafunga 51 mechi ya kwanza ya fainali za kikapu za NBA 2018, ugenini Oakland kwa Warriors, halafu tumefungwa 124–114. Kisa yule jamaa. Jina silitaji, litachafua uzi.

Waliounganisha daku na mechi wameona. Tuko nyuma 107–106, zimebaki sekunde 4.7, Hill wetu mstarini na mitupo huru miwili. Wa kwanza ndani, ngoma sare. Wa pili unagonga chuma, anaudaka nani? Yeye! Chini ya goli kabisa! Halafu anageuka, anakimbilia katikati kama mpangaji aliyemwona mwenye nyumba.

Ribaundi ile unairudisha juu palepale, hata ukikosa huenda ukachezewa faulo. Huwezi? Mpe mwenye 51, anaomba hadi mikono inataka kung'oka. Huwezi tena? Ita taimauti, ilibaki moja. Sekunde nne ni kudunda mara mbili na kurusha. Yeye kadunda zote! Ubao unasoma 107–107, taa zake zinaonekana hadi mwezini, yeye anakimbia!

#2 Na dakika za nyongeza mlizopigwa 17–7, alikimbia nazo pia? Povu la bure.

#3 Mlaumu kocha. Mchezaji akipotea, benchi ndiyo inaita taimauti. Yule kasimama kama kalipa kiingilio.

#4 Ile faulo mmeisahau? Sekunde 36.4, tunaongoza 104–102, refa kapuliza kosa la Durant wa Warriors. Wakaenda kwenye televisheni, wakarudi wamegeuza: kosa la LeBron. Durant kaweka yote mawili, 104–104. Mechi iliondoka hapo.

#1 Refa ndiye kamwambia akimbie? KAKIMBIA MWENYEWE!

#5 Pole yenu ndogo. Messi fainali tatu, 2014, 2015, 2016, na straika yuleyule wa Argentina, Higuaín, kakosa zote. 2014 kabaki na Neuer, kipa wa Ujerumani, peke yake, kapiga nje!

#6 2016 Messi mwenyewe kapaisha penalti. Au na hiyo alipaishiwa?

#7 Acheni za mbali. Samatta wa Taifa Stars Machi 2018, tumepigwa na Algeria 4–1. Straika ukimwona anafuata mpira duara la kati, ujue hakuna kiungo wa kumfikishia. Akishuka, mbele hakuna mtu, mabeki wao wanapanda wanavyotaka.

#8 Siku tano baadaye DR Congo kala 2–0 kwetu, Samatta na Kichuya wamefunga. Viungo walinunuliwa Kariakoo?

#7 Ile ilikuwa Taifa, nyumbani. Ugenini tunabutua tu, mpira unapita juu ya kichwa chake unaenda kwa kipa wao.

#8 Kwa hiyo Kichuya naye alifunga kwa kubutua?

#1 Jamani, uzi wa kikapu huu.

#9 Kikapu peleka sokoni. #7 jibu swali la Kichuya.