Mita 31 kwenye redio ya zamani ni kilohezi ngapi?

Mrithi wa Redio:
Habari zenu wakuu. Babu ameniachia redio ambayo mshale wake hupita kwenye namba 49, 41, 31, 25 na 19, zote zikifuatwa na herufi m. Redio yangu mpya huonyesha kilohezi tu. Naomba kueleweshwa namba hizi zinahusianaje, na kwa nini mita hupungua kilohezi zinapopanda.

Fundi Mawimbi:
Ndugu, mawimbi ya redio husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, yawe ya masafa yoyote, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, ambayo kilohezi huihesabu kwa maelfu na megahezi kwa mamilioni. Kwa kuwa mwendo ni uleule, kituo kinachotoa mawimbi mengi zaidi kwa sekunde lazima kitoe mafupi zaidi. Gawa 300 kwa megahezi, utapata mita. Kilohezi 9,600 ni megahezi 9.6, hivyo wimbi lake lina mita 31.25. Bendi nzima ya mita 31, yaani kipande cha masafa wanachogawana vituo vingi, huanzia takriban kilohezi 9,400 hadi 9,900, yaani mita 31.9 hadi 30.3, kwa hiyo 31 ni jina la mtaa, si namba ya nyumba.

Mzee wa Antena:
Hesabu ni sahihi, ila mita zina kazi yake pale unapokata waya. Antena ya nusu wimbi kwa bendi hiyo ni kama mita 15.5, na kwa vitendo hupunguzwa kwa asilimia 5 hivi. FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3, kwa hiyo fimbo ya kuvuta yenye sentimita 75, ambayo ni robo ya wimbi, inatosha kabisa. Kwa kilohezi 600 wimbi ni mita 500, na sijaona ua wa kutundika robo yake. Humo redioni hutegemewa kijiti cheusi cha feraiti (kauri yenye chuma) kilichozungushiwa waya mwembamba.

Mrithi wa Redio:
Shukrani, wazee wangu. Mbona basi mita 19 husikika mchana, na usiku hukauka?

Fundi Mawimbi:
Mchana jua hujenga tabaka la chini la chembe zenye umeme angani, nalo hunyonya zaidi mawimbi marefu, huku yale ya mita 19 yakilipenya na kurudishwa ardhini na tabaka la juu. Usiku tabaka la chini hutoweka na lile la juu hudhoofika, hivyo mita 19 mara nyingi hupitiliza kwenda anga za mbali. Jua likishazama, hamia mita 41 au 49.